Jino la Kumi na Mbili

3 Machi

Kwa Bibi,

Shikamoo. Huku wote wazima, isipokuwa saa ya ukutani. Baba aliifungua ili aitengeneze, na sasa amebakiwa na skrubu mbili ambazo anasema hazikuwa na kazi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako inakaa kwa jirani, na jirani husikiliza mazungumzo mpaka mwisho kisha anakusimulia upya kwa maneno yake. Sababu nyingine unaijua. Kwenye simu mimi husema "ndiyo" na "sawa" tu, halafu nikishaikata ndipo nakumbuka nilichotaka kusema.

Shuleni tumepewa kazi ya kuandika kuhusu mtu wa familia aliyefanya kazi ambayo siku hizi haipo. Nimekuchagua wewe na ile karakana ya ngozi ya jeshi. Nina swali moja kubwa. Mtu akikuwekea mezani majambia mawili ya kikosi cha babu, moja la kweli na jingine limetengenezwa juzi ili kudanganya wanunuzi, utalijuaje la kweli kabla hujatoa pesa?

Nauliza kwa ajili ya shule tu.

Mjukuu wako

*

11 Machi

Kwa mke mwenzangu mdogo,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, ili jirani ajue kwamba nami naandikiwa mambo ya maana. Mwalimu wako ana maswali ya ajabu, lakini nitamjibu.

Nilikaa karakana ile miaka tisa. Tulikuwa wanawake kumi na wanne. Wenzangu walishona mikanda, mifuko ya risasi na mikoba ya ramani. Ala za majambia zilishonwa kwenye meza moja tu, ile ya karibu na dirisha, na meza hiyo ilikuwa yangu. Askari akitimiza miaka kumi kazini alipewa jambia. Mume wetu alipewa lake wakati bado hajawa mume wa mtu.

Sasa sikiliza. Jambia usianze kulitazama. Anza kulinusa. Lichomoe, halafu peleka pua kwenye mdomo wa ala. Ngozi ya zamani hunuka kama kabati lililofungwa muda mrefu, na kwa mbali mafuta ya bunduki. Ukisikia rangi ya viatu au gundi, rudisha, sema asante, nenda nyumbani ukapike.

Halafu mpini. Mkono wa mtu una tabia, hushika palepale miaka yote. Kwa hiyo shaba hung'aa pale kiganja kinapokaa, na huwa nyeusi kwenye vifereji ambako kidole hakifiki. Wadanganyifu hupaka dawa likawa jeusi lote, kisha husugua likang'aa lote. Hawajui kwamba kitu huchakaa mahali mahali, kama kiatu.

Ubapa nao hukwaruzwa na mdomo wa ala kila unapoingia na kutoka. Tafuta mistari myembamba kama nywele, inayokwenda kwa urefu. Usipoiona, basi hilo halijawahi kuvaa ala ile.

Na mishono. Mishono yetu ilikuwa sawasawa kama meno ya kitana kipya. Ukiona mishono isiyo sawa, hilo si la kwetu. Andika hivyo, na upige mstari chini.

Mwambie baba yako aiache saa ya watu.

Mke mwenzako mkubwa

*

19 Machi

Kwa Bibi,

Shikamoo. Kama umesimama, kaa kwanza.

Hakuna kazi ya shule. Nimekudanganya, na tangu siku ile nikifungua kitabu nasoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuuona.

Ukweli ni kwamba baba anataka kununua jambia la kikosi cha babu, akuletee siku utakayotimiza miaka themanini. Anasema alipokuwa mdogo alimwona babu akitoka na lake ndani ya koti, akarudi na sare mpya ya shule, halafu akawaambia nyote kwamba limepotea njiani. Baba hakusema neno, akaivaa sare. Anaweka akiba mwaka wa tatu sasa, ndani ya kopo la poda pale kinyozini kwake. Alinikataza kabisa nisikwambie. Kwa hiyo nimewadanganya watu wawili kwa mkupuo.

Muuzaji ana duka la vitu vya kale, chumba kirefu chenye mizani, redio na saa ambazo kila moja inasema lake. Watu humwita Mzee Lenzi kwa sababu ana kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni, na nadhani hukivua wakati wa kuoga tu. Ana majambia mawili ya kikosi kile. Yote mawili anaamini ni ya kweli, lakini moja analijivunia na jingine analionea aibu. Baba ameyapa majina. La kwanza ni Bwana Harusi, la pili ni Mgonjwa.

Bwana Harusi ana mishono kama meno ya kitana, kama ulivyosema. Nilitaka kumnusa nikaona haya kuuliza, nikaandika kwenye karatasi "Naomba kunusa" nikampa Mzee Lenzi. Aliisoma kwa lenzi yake, akaniangalia, akasema ninuse. Bibi, ananuka rangi ya viatu. Shaba yake inang'aa yote. Ubapa hauna mstari hata mmoja, ni kioo kitupu, na baba alipojiona ndani yake akafurahi. "Unaona? Hapa ningeweza kumnyoa waziri."

Mgonjwa ananuka kabati. Shaba yake inang'aa upande mmoja tu. Ubapa umejaa nywele zile ulizosema. Lakini mishono yake! Mifupi kumi, kisha mmoja mrefu mara mbili, mifupi kumi, mmoja mrefu, hivyo hivyo mpaka nchani. Nimehesabu mara mbili. Na pale mdomoni mwa ala kuna mishono sita ya uzi wa kahawia, wakati mingine yote ni myeusi.

Mzee Lenzi alisema, "Aliyeshona hii alikuwa mlevi. Anashona kumi, anasinzia, anaamka." Anacho kitabu cha wakusanyaji, nacho kinasema mishono ya kikosi kile ni sawasawa. Baba akacheka, "Mama yangu angemtimua huyu kwenye meza yake kwa viatu."

Kanuni zako zinagombana, Bibi. Tatu zinamtaka Mgonjwa. Moja inamtaka Bwana Harusi, nayo ndiyo uliyoniambia nipige mstari chini. Baba anafuata mstari. Atalipa Jumamosi tarehe 5 Aprili. Pesa yake inatosha jambia moja, na ukutani pameandikwa kwamba kilichouzwa hakirudi.

Nifuate ipi?

Mjukuu wako

*

24 Machi

Mke mwenzangu,

Nami nimekudanganya. Tumelingana, kwa hiyo tusameheane haraka maana siku ni chache.

Mlevi! Mwambie huyo mzee kwamba kitu kikali nilichowahi kunywa ni dawa ya kikohozi.

Ala ile ni yangu. Ndani ya kifurushi hiki kuna kitu nilichokifunga kwa kitambaa cha sketi. Ni kigurudumu chenye meno. Kabla ya kushona ngozi unakipitisha juu yake, kila jino linaacha alama, na kwenye kila alama unatoboa kwa msharasi, ile sindano nene ya mafundi viatu. Kina meno kumi na mawili. Yaani kilikuwa nayo. Wiki ya kwanza ya kazi ya majambia kilinidondoka kwenye sakafu ya saruji, jino moja likaruka mpaka leo sijui liko wapi.

Mwezi ule mnyapara alikuwa amewafukuza wenzangu wawili kwa kuvunja vifaa. Mimi nilikuwa na mama mgonjwa na wadogo zangu watatu wanaokula kwangu. Nikanyamaza. Nilikitundika kwenye msumari wake, pengo likatazama ukutani. Nilijaribu kuongeza tundu lililokosekana kwa macho, lakini likienda nje ya mstari hata kidogo, ala nzima imeharibika. Basi nikaacha mshono urefuke. Wakaguzi walitazama ubapa, hawakutazama ngozi. Kila ala niliyoshona ina pengo hilo. Siku niliyoacha kazi nilikitia mfukoni ili asikikute mtu. Kwa hiyo mke mwenzako ni mwizi wa mali ya serikali, usiandike hilo popote.

Karibu miaka sitini nimewaambia wanangu kwamba mishono yangu ilikuwa kama meno ya kitana. Ulipoandika "kazi ya shule" nikaona haidhuru, nikarudia. Kumbe nilikuwa namsukuma mwanangu kwa Bwana Harusi. Nilipofika pale uliposema kumi, kisha mmoja mrefu, niliweka barua chini nikaenda kufagia uwanja uliokwisha fagiliwa.

Fanya hivi. Weka kigurudumu kwenye mshono mrefu wa kwanza kutoka mdomoni, pengo likae juu yake. Kisukume taratibu, usikandamize, ngozi ile ni mzee kama mimi. Kama ni yangu, kila jino litaingia kwenye tundu lake bila kuuliza, na pengo litaangukia kila mshono mrefu. Kama si yangu, meno yatapanda juu ya uzi.

Baba yako mwambie nimekuazima kwa kazi yako ya shule. Asijue kwamba najua. Mwanangu amengoja miaka mitatu ili anishtue, nami nitashtuka.

Hiyo ya uzi wa kahawia iache. Nitaisema nikiiona.

Na jambo moja gumu. Karatasi haitatosha Jumamosi. Mzee Lenzi ataisoma kwa kioo chake, ataikunja, na baba yako atalipa. Itabidi useme, kwa mdomo, mbele ya watu. Najua ninachokuomba. Mimi mwenyewe sikuweza, na nilikuwa mkubwa kuliko wewe.

Mke mwenzako mkubwa

*

6 Aprili

Kwa Bibi,

Shikamoo. Mgonjwa yuko kwetu, kwenye kabati la taulo.

Nilisema maneno machache. Magoti yalitetemeka lakini yalikuwa nyuma ya meza, hayakuonekana. Kigurudumu kiliingia kama ulivyoandika. Baba akamlipia Mgonjwa, tukarudi nyumbani.

Kwenye kona ya shule baba alisimama. Akasema, "Kwa hiyo mama alivunja kifaa cha jeshi akanyamaza." Nikasema ndiyo. Akatembea hatua nyingi. Halafu akasema, "Na mimi alinichapa kwa ajili ya kikombe."

Anaamini bado hujui lolote. Anafanya mazoezi ya namna ya kukupa, mbele ya kioo cha kinyozini, na wateja wanamsahihisha.

Anwani yako niliiacha dukani kwa bahati mbaya, kwenye karatasi ya kifurushi. Samahani.

Mjukuu wako

*

15 Aprili

Kwako Mama Fundi,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni muuza vitu vya kale anayeitwa Mzee Lenzi, na anwani yako nimeipata kwenye karatasi iliyosahauliwa juu ya meza yangu. Mjukuu wako alininong'oneza kwamba wewe unajua na mwanao hajui kwamba unajua. Kwa hiyo naandika kwa tahadhari, na barua naituma ifike mkononi mwako mwenyewe.

Kwanza, samahani kwa neno nililolisema kuhusu pombe.

Pili, sidhani kama mtoto amekueleza yaliyotokea. Akikueleza atasema alisema maneno machache. Nina miaka thelathini na moja katika duka hili, na Jumamosi ile naomba nikuhadithie mimi.

Mwanao alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni. Nikasikia sauti, nikadhani ni mojawapo ya redio zangu. Sauti ikarudia, "Baba, naomba usilipe." Tukageuka. Binti huyu ambaye mwezi mzima alikuwa akinipa vikaratasi, amesimama na kitu ngumini.

Mwanao akamwambia, "Mama mdogo, tulishakubaliana. Mishono."

"Ndiyo, mishono," akasema. "Naomba dakika tano."

Nami nikafungua kitabu, nikamwonyesha ukurasa. Nikasema mwanangu, kitabu kinasema sawasawa. Akakisoma chote, kwa adabu, mpaka chini. Kisha akasema, "Kitabu kiliandikwa na mtu aliyeitazama mishono. Mimi nimeandikiwa na aliyeishona."

Palikuwa na mteja aliyeleta saa yake. Akaiweka chini akasogea.

Alianza na lile zuri. Kigurudumu kilikwama tundu la nne, kikapanda juu ya uzi. Akarudia mara tatu kutoka mahali tofauti, ili nisiseme amechagua pabaya. Kisha akachukua lile la pili. Mama Fundi, nimeshika vitu vingi vya zamani, lakini sijawahi kuona chuma na ngozi vikikumbukana. Jino, tundu, jino, tundu. Kilipofika kwenye mshono mrefu, pengo likapita juu yake kama mtu anayeruka mfereji aliouzoea. Likapita mara tano mpaka nchani. Mara ya tano yule mwenye saa alikuwa anahesabu kwa sauti pamoja naye.

Mwanao akauliza, "Hicho umekitoa wapi?"

"Ni cha bibi. Aliniazima kwa kazi yangu ya shule. Baba, ala hii aliishona bibi."

Akaketi kwenye kiti ambacho nakiuza, na sikumwambia kitu.

Basi nikafanya nililopaswa kufanya. Nililivua lile zuri mpini wake mbele yao. Ndani, skrubu ilikuwa mpya, ya aina inayouzwa dukani hapo ng'ambo ya barabara. Nilidanganywa na aliyeniuzia, nami ningemdanganya mwanao kwa moyo mweupe kabisa. Sasa liko dirishani na kibandiko kinachosema NAKALA. Kwenye kitabu nimekata mstari ule, nikaandika pembeni ukweli.

Tatu, ombi. Ndani ya sanduku chini ya kaunta nina majambia tisa ya kikosi kile ambayo niliyakataa miaka yote hii. Wenyewe walikasirika wakaniachia bure. Niliyakataa kwa sababu ya mishono. Naomba uje na kigurudumu chako uniambie ni mangapi niliyoyaonea. Nauli ni yangu, na chakula cha mchana.

Wako kwa heshima,
Mzee Lenzi

*

4 Mei

Mke mwenzangu,

Nilishtuka vizuri siku ya kutimiza themanini? Nilifikiri nimezidisha pale nilipoangusha kijiko, lakini baba yako alifurahi, kwa hiyo kijiko kilifaa. Mpaka leo anaamini yale machozi yalikuwa ya mshtuko. Mwache aamini. Hata hivyo alinikumbusha kikombe, mbele ya wageni, nami nikamwomba radhi mbele ya wageni. Kikombe kilikuwa cha bei nafuu.

Juzi nilikwenda kwa Mzee Lenzi ukiwa shuleni. Alinikalisha kwenye kiti chake, nyuma ya meza, akasimama yeye. Wakusanyaji sita walikuja na madaftari. Niliyapitisha yale tisa moja moja. Saba ni yangu. Kila nililolipitisha waliinama juu ya meza kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani, na pengo likiangukia mahali pake mmoja wao anaguna. Mwisho kijana mwenye suti akaniuliza kwa heshima kama pengo lile ni alama ya siri ya karakana. Ningeweza kusema ndiyo, mke mwenzangu. Midomo ilishajiandaa. Nikakukumbuka na magoti yako. Nikasema, "Hapana, mwanangu. Nilikiangusha nikaogopa kusema." Wakaandika vilevile, kila mmoja, kama nilivyosema.

Sasa uzi wa kahawia. Hili hakuna aliye hai anayelijua isipokuwa wewe, kuanzia mstari huu.

Askari mmoja alichukua jambia lake Jumatatu, akalirudisha Ijumaa. Akasema uzi umelegea mdomoni. Mishono miwili imekatika. Uzi mweusi ulikuwa wa jeshi na ulipimwa kwa urefu, kwa hiyo nikatumia wangu, wa kushonea sketi. Mwezi uliofuata amerudi, mishono miwili mingine. Mwezi wa tatu tena. Nikatazama ncha za uzi nikaona zimekatwa na wembe. Nikamwambia, "Askari, uzi wangu haulegei."

Akasema, "Najua. Na najua kigurudumu chako kina pengo. Nimehesabu. Kumi, na mmoja mrefu."

Nikadhani amekuja kunishtaki. Nikamwuliza anataka nini ili anyamaze. Akashangaa kweli kweli. Akasema anataka kujua siku yangu ya mapumziko ni ipi.

Mara tatu, mishono miwili miwili. Ni sita, kama ulivyohesabu. Baba yako alikwenda kunitafutia jambia la kikosi cha babu yako, akaniletea la babu yako mwenyewe, na hajui. Nitamwambia Jumapili ijayo mkija wote. Safari hii ni zamu yake ya kushtuka, umwondolee vijiko karibu.

Mume wetu alihesabu mishono yangu akanifichia maisha yake yote. Wewe umeihesabu ukaisema mbele ya duka zima. Nilihitaji watu wawili wa kuhesabu, na nimewapata wote wawili.

Limetundikwa sebuleni, mishono ikitazama watu. Kando yake nimepigilia msumari wa pili kwa ajili ya kigurudumu. Pengo nimelielekeza mlangoni, ndicho kitu cha kwanza mtu anachokiona akiingia.

Mke mwenzako mkubwa